Nani Anatoa, Nani Anapokea? Maneno ya Kiingereza Yanayotuponza



Juma hili hatutasema habari za kadi wala za michango ya matawi. Tutasema habari za maneno ya Kiingereza, na hasa yale maneno ya kutenda ambayo walimu huyaita vitenzi. Twajua wako watakaouliza, "Je, Chama kimegeuka shule?" Twawajibu kwamba Chama kilikuwa shule tangu mwanzo. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, mtu aliyechaguliwa kuiongoza alikuwa mwalimu wa shule ya Pugu. Miezi minane baadaye, tarehe 7 Machi 1955, mwalimu huyo alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaitetea Tanganyika kwa Kiingereza. Hakwenda kule kuonyesha kwamba amesoma. Alikwenda kusema maneno ambayo mtawala hangeweza kuyakimbia kwa kisingizio kwamba hakuyaelewa.

Sisi tulio Kiberege, hapa chini ya milima ya Udzungwa, tumeona kwa macho yetu hasara iletwayo na neno moja likiwekwa mahali pa jingine. Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana si haki kuwanyooshea wengine kidole kabla ya kujinyooshea.

Msimu mmoja wa mpunga mvua zilichelewa, na miche katika kitalu cha kikundi chetu ikaanza kunyauka. Tukasikia kwamba ofisi moja ina pampu ya maji ambayo haina kazi. Tukakaa, tukaandika barua. Kwa kuwa tulitaka ionekane ni barua ya watu wenye elimu, tuliiandika kwa Kiingereza, ijapokuwa aliyekuwa aisome ni Mtanzania mwenzetu anayesema Kiswahili kama sisi. Tuliandika kwamba twaomba "to lend" pampu kwa juma moja. Baada ya siku kumi jibu likaja, nalo lilikuwa na adabu nyingi. Ofisi ilitushukuru kwa moyo wetu wa kutaka kuipatia pampu, ila ilisema kwamba kwa wakati ule haikuwa na haja nayo. Baadaye tulicheka sana. Siku ile hatukucheka, maana miche ilikuwa imekwisha kufa.

Basi tujue kosa lilikuwa wapi. "Borrow" ni kuchukua kitu cha mtu kwa nia ya kukirudisha. "Lend" ni kumpa mtu kitu chako naye akirudishe. Sisi tuliotaka kupokea tuliandika neno la mwenye kutoa. Na kwa nini watu wengi, hata waliomaliza kidato cha nne, huchanganya maneno haya mawili? Si kwa ujinga. Ni kwa sababu Kiswahili chetu kina neno moja linalokwenda njia zote mbili. Twasema, "Nimeazima jembe kwa jirani," na twasema pia, "Niazime jembe lako." Jembe la kwanza limekuja kwangu kwa kuomba, na la pili naomba nipewe, lakini neno ni lile lile kuazima. Mswahili hapotei, kwa sababu ile "ni" iliyo mbele au katikati humwambia nani anampa nani. Akiingia katika Kiingereza bila ya kuambiwa jambo hili, lazima ajikwae.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kuandika, mtu na ageuze jambo lake liwe la fedha, maana katika fedha hakuna anayekosea. Ajiulize, "Je, hapa mimi nakopa au nakopesha?" Akiwa anakopa, neno lake ni "borrow". Akiwa anakopesha, neno lake ni "lend". Tangu tulipoanza kufundisha hivyo katika kisomo cha jioni, wazee ambao hawakupata kukaa darasani zaidi ya miaka minne hawalikosei tena.

Dawa hiyo hiyo huponya makosa mengine mengi. Kiswahili kina utajiri wa kubadili mkia wa neno: kumbuka na kumbusha, panda na pandisha, lala na laza. Mzizi ni mmoja, na mkia ndio usemao kama mtu ametenda mwenyewe au amemtendesha mwingine. Mara nyingi Kiingereza hakifanyi hivyo, bali hutupa neno jingine kabisa. Anayejua kwamba mkia wa Kiswahili mara nyingi ni neno zima katika Kiingereza amekwisha vuka nusu ya mto.

Tutazame machache yanayoingia kila siku katika barua na kumbukumbu za mikutano yetu.

Kukumbuka ni "remember", na kukumbusha ni "remind". Katibu akimwandikia mweka hazina "remember me to pay", hajasema "nikumbushe kulipa". Na kuna mtego zaidi, maana Mwingereza akisema "remember me to your father", anataka umsalimie baba yako. Kadhalika kujifunza ni "learn", na kufundisha ni "teach". Mwanafunzi "learns", mwalimu "teaches". Mtu hawezi kuandika kwamba mwalimu "learned us", isipokuwa anataka watu waamini kwamba sisi ndio tuliosomwa kama kitabu.

Kisha kuna "rise" na "raise". Hapa twaomba msomaji asimame kidogo, maana neno hili si la shule tu, ni la siasa pia. "Rise" ni kupanda kwenyewe, kama jua lipandavyo. "Raise" ni kupandisha, na anayepandisha ni mtu. Mwenye duka akiandika kwamba bei ya mbolea "has risen", anataka tuamini kwamba bei imepanda yenyewe kama maji ya Kilombero wakati wa masika. Kama ni yeye aliyeipandisha, neno la haki ni "raised", na hapo twaweza kumwuliza, "Nani ameipandisha, na kwa nini?" Huenda ana jibu zuri. Huenda yeye mwenyewe kapandishiwa huko anakonunua. Lakini swali haliulizwi mahali ambapo neno limemficha mtendaji. Hata katika Kiswahili twayasema haya bila ya kuangalia, bei imepanda, ushuru umepanda, kana kwamba ni mimea.

Kukataa nako kumetuponza. Sisi twasema, "Alikataa kuchukua fedha," na pia, "Alikataa kwamba alichukua fedha." Kwa Kiingereza ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. "He refused to take the money" maana yake alipewa fedha naye hakuzipokea, na huenda huyo ni mtu mwaminifu wa kusifiwa. "He denied taking the money" maana yake ameshitakiwa kwamba alichukua, naye anakana. Karani akichanganya maneno haya katika taarifa iendayo juu, mwenzetu aliyekataa hongo aweza kusomwa kama mshitakiwa. Tena "deny" lina uso wa pili, yaani kunyima. Ikiandikwa kwamba wakulima "were denied water", haina maana kwamba walikana maji. Maana yake walinyimwa.

Kuiba, hali kadhalika. "Steal" hufuatwa na kitu kilichoibwa, na "rob" hufuatwa na mtu au mahali palipoibiwa. Mwizi "steals" baiskeli, lakini "robs" mwenye baiskeli. Kiswahili husema vivyo hivyo kwa mkia tu, kuiba na kuibia.

Yako pia maneno tunayoyachanganya kwa sababu ya sikio na ulimi. Wengi wetu tuliozaliwa katika lugha zisizoachanisha sana "l" na "r" huandika "correct" tukitaka "collect". "Collect" ni kukusanya, na "correct" ni kusahihisha. Mweka hazina akiandika kwamba tawi "corrected the contributions", mkaguzi wa hesabu atakunja uso, maana fedha zilizosahihishwa ni fedha zilizoguswa. Na kijana anayeomba kazi huandika "I leave in Kiberege" akitaka kusema kwamba anaishi Kiberege. Neno la kuishi ni "live", la sauti fupi. "Leave" ni la sauti ndefu, nalo maana yake kuondoka. Mwenye kazi akisoma barua ile aweza kufikiri kwamba kijana huyu yuko njiani kuhama.

Haya yote mtu aweza kuyacheka. Lakini liko neno ambalo halichekeshi, nalo ni neno la ardhi.

Mzee mmoja wa huku kwetu ana ekari nne nzuri za mpunga. Alijiwa na mtu aliyetaka kuzilima kwa misimu miwili, naye akaahidi kulipa fedha yote kabla ya kuingiza jembe. Walipatana kwa maneno. Kisha yule mtu akaleta karatasi ya Kiingereza ya kutiwa sahihi. Mzee akamwita mjukuu wake aliyemaliza kidato cha nne ili amsomee. Karatasi ilisema kwamba mwenye shamba "lets the land". Kijana alilijua neno "let" tangu shule, maana alifundishwa kwamba "let me go" ni "niache niende". Basi akamwambia babu yake kwa moyo safi, "Babu, hapa pameandikwa kwamba wewe unaliacha shamba."

Mzee alisimama. "Niliache? Shamba alilolifyeka baba yangu?" Akairudisha karatasi, na yule mtu akaenda kukodi kwa mwingine. Miezi miwili baadaye tuliletewa nakala yake tuisome. Karatasi ile haikuwa na hila yoyote. "Let" katika mambo ya nyumba na mashamba ni kupangisha au kukodisha, na ilikuwa imeandikwa wazi misimu ni mingapi, fedha ni kiasi gani, na siku gani shamba litarudi kwa mwenyewe. Mwaka ule ekari nne zililala na magugu. Fedha ambayo mzee alikuwa amekwisha ipangia matumizi haikupatikana, na sehemu yake ilikuwa ya kumpeleka mjukuu yule yule chuoni.

Sisi hatumlaumu mzee. Alifanya lililo sawa, maana asiyeelewa asitie sahihi. Wala hatumlaumu kijana, kwani alisema alichofundishwa. Lakini twauliza, je, siku nyingine ikija karatasi yenye neno "transfer" au "surrender", na kijana akasema, "Babu, hawa wanakodi tu," itakuwaje? "Transfer" katika ardhi si kulihamisha shamba, maana shamba halitembei. Ni kuuhamisha umiliki kutoka kwako kwenda kwa mwingine. "Surrender" ni kuisalimisha haki yako. Haya ni maneno yanayokutoa katika shamba lako. "Let" hukubakiza mwenyewe.

Na "lease" na "rent" ni maneno ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu hapa Kiingereza chenyewe kina ugonjwa ule ule wa kuazima. Mwenye shamba "leases" shamba lake, na mkulima mgeni naye "leases" shamba lile lile. Neno ni moja, na njia ni mbili. Kinachotenganisha ni neno dogo linalofuata: "to" ni kwa anayepewa, na "from" ni kwa anayetoa. Basi mtu asiridhike kwa kusikia "lease". Atazame jina la nani limetangulia na neno gani dogo linafuata. Akishaelewa hayo, atazame miaka. Kukodisha kwa misimu miwili ni jambo moja, na kukodisha kwa miaka 99 ni kuwaachia vitukuu kazi ya kudai.

Wala tusijisifu kwamba Kiswahili chetu ki salama. Siku hizi twasikia mtu akisema "nimekodisha shamba", naye ndiye aliyekodi. Twasikia "nimepangisha chumba" kwa mpangaji. Lugha yetu ina kukodi na kukodisha, kupanga na kupangisha, nasi twaitupa neema hiyo wenyewe kwa uvivu. Asiyelinda mkia wa neno katika lugha yake atalindaje neno katika lugha ya watu?

Wazee wetu wa Mkoa huu wa Morogoro hawana haja ya kuhadithiwa kutoka mbali. Mnamo Novemba 1884, Carl Peters alifika Msovero, katika nchi ya Usagara, akafanya mkataba na Mangungo. Karatasi ile ilikuwa ya Kijerumani. Juu yake ilisema habari za urafiki wa milele. Ndani yake kilikuwamo kitenzi cha kutoa, kwamba Mangungo anaitoa nchi yake pamoja na haki zake zote kwa kampuni ya Peters. Mwezi Februari 1885 mfalme wa Wajerumani alitoa hati ya kuikingia kampuni hiyo nchi iliyopatikana kwa karatasi za namna ile. Urafiki ulikuwa neno la juu, na kutoa ndilo lililokuwa neno la kutenda. Mpaka leo mtu akitia sahihi jambo asilolielewa huambiwa amefanya kama Mangungo. Sisi twaona si haki kumcheka Mangungo peke yake, maana mwenye karatasi ndiye aliyejua imeandikwa nini.

Wenzetu wa Ethiopia nao walipambana na neno moja tu. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik alifanya mkataba na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Katika kifungu cha 17 maandiko ya Kiamhara yalisema kwamba mfalme wa Ethiopia aweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Maandiko ya Kiitaliano yalisema kwamba amekubali kuitumia, na Waitaliano wakashikilia kwamba amefungwa kufanya hivyo, yaani Ethiopia iko chini yao. Kuweza na kufungwa ni vitenzi viwili tu. Menelik aliukataa mkataba huo, na mambo yakaishia katika vita ya Adwa tarehe 1 Machi 1896, ambapo majeshi ya Italia yalishindwa. Ethiopia iliilinda heshima yake, lakini kwa damu. Laiti neno lile lingesomwa sawa katika lugha zote mbili siku ya kwanza.

Nasi katika sheria zetu tunayo maneno kama hayo, nayo ni "may" na "shall". Shuleni twafundishwa kwamba "shall" ni ya wakati ujao tu, kama "nitakwenda". Kwa hiyo mtu akisoma katika mkataba kwamba mpangaji "shall repair" nyumba, hudhani ni habari ya mambo yatakayotokea, kama mtu asemaye kesho mvua itanyesha. Sivyo. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, imeeleza wazi: penye "may", aliyepewa madaraka ana hiari ya kutenda au kutotenda. Penye "shall", ni lazima atende. Kiongozi anayesoma "shall" kama "may" hujipa hiari asiyokuwa nayo. Mwananchi anayesoma "may" kama "shall" atadai kwa ukali jambo ambalo sheria haikumlazimisha mtu kulitenda, na atarudi nyumbani na aibu.

Twachukua mfano ulio karibu na vijiji vya bonde letu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 8, inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha. Neno ni kuidhinisha, "approve". Si kutaarifiwa, ambako ni "inform", wala si kuombwa shauri, ambako ni "consult". Anayetaarifiwa husikia jambo lililokwisha. Anayeombwa shauri husema maoni yake, nayo yaweza kufuatwa au kuachwa. Anayeidhinisha ndiye mwenye kauli, na akisema hapana, jambo limekwama. Wakiitwa wanakijiji wakaambiwa, "Tumewajulisha, sasa piga makofi," wamenyang'anywa neno moja tu. Lakini neno hilo ndilo lililobeba ardhi yao.

Sasa twajua wako ndugu watakaosema, "Hizi ni kasumba za kikoloni. Tuachane na Kiingereza, tutumie Kiswahili." Twawaheshimu, maana wanasema kwa uchungu wa nchi, na nusu ya maneno yao ni kweli. Mwaka 1967 serikali ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya shughuli zake, na Sheria Na. 27 ya mwaka huo ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hizi ni hatua kubwa, nasi twazifurahia. Barua yetu ya pampu haikuwa na sababu hata moja ya kuandikwa kwa Kiingereza, na kama tungeiandika kwa lugha yetu miche ingekuwa hai.

Lakini karatasi zinazokuja kwetu kutoka nje hatuziandiki sisi. Mikataba ya watu binafsi ingali ikiletwa kwa Kiingereza. Watoto wetu wa sekondari wangali wakifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kuidharau silaha iliyo mkononi mwa mwenzako hakukupi ngao. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna awezaye kumwita mtumwa wa Kiingereza, alikisoma Kiingereza mpaka akakitumikisha. Alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Aliyeusoma mchezo huo wa pili anakumbuka kwamba mkopeshaji alikuwa na karatasi iliyompa haki ya kukata ratili ya nyama ya mdeni wake. Aliyemwokoa mdeni yule hakuwa na upanga. Aliisoma karatasi neno kwa neno, akaona kwamba imesema nyama, haikusema damu.

Tena twasema na wale wa upande wa pili, wanaokiabudu Kiingereza. Wako viongozi wanaosimama mbele ya wakulima na kuchanganya Kiingereza katika kila sentensi ili waonekane wakubwa. Wako makarani wanaobandika matangazo ya Kiingereza kwa watu wasiokisoma. Na wako wanaomcheka mwenzao akikosea "lend" na "borrow" mkutanoni, hata asifungue kinywa tena. Huyu wa mwisho ni adui wa Chama kuliko anavyojua, maana amemfundisha mwanachama kunyamaza. Aliyenyamaza hatauliza siku ya karatasi ya shamba. Kuuliza si ujinga.

Basi, ndugu, maneno bila kazi ni kelele. Twatoa mapendekezo manne kwa kila tawi la bonde letu, kuanzia Kidatu na Mang'ula mpaka Ifakara na Mlimba.

Kwanza, tawi liandike kwa Kiswahili barua zote ziendazo kwa Watanzania wenzetu. Hilo halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

Pili, mwanachama akiletewa karatasi ya Kiingereza, aombe ya Kiswahili kando yake, na aombe iandikwe ndani yake kwamba zikihitilafiana ipi itashika. Menelik hakuwa na kifungu cha namna hiyo. Asiyetaka kutoa maandiko ya Kiswahili na aeleze sababu mbele ya mashahidi.

Tatu, kabla ya sahihi, karatasi isomwe mbele ya watu wawili wanaojua lugha, na kila kitenzi kigeuzwe kwa sauti. Waulize maswali matatu: Nani anatenda? Nani anatendewa? Mpaka lini? Kitenzi kisichojibu maswali hayo kisipitishwe, hata kama mwenye karatasi ana haraka. Mwenye haraka na aende na haraka yake.

Nne, walimu walio wanachama watoe jioni mbili kwa juma, msimu wa mavuno ukiisha, wafundishe maneno haya tuliyoyataja na mengine yanayofanana nayo. Wasianze na kitabu. Waanze na karatasi zilizomo majumbani: mkataba wa shamba, risiti, maelezo ya dawa ya mimea, barua ya mkopo. Sisi tulianza hivyo chini ya mwembe kwa ubao mmoja na chaki.

Katika kisomo hicho yumo mzee yule wa ekari nne, na mjukuu wake hukaa kando yake. Msimu uliofuata alijiwa na mtu mwingine mwenye karatasi. Safari hii hakusimama wala hakukasirika. Alimwambia mjukuu wake aweke kidole juu ya kila kitenzi, akauliza nani anatoa, nani anapokea, na mpaka lini. Palipoandikwa miaka ya kukodi akakuta pameachwa wazi. Akamtaka mgeni ajaze mbele yake, kwa tarakimu na kwa maneno. Ilipojazwa, akatia sahihi.

Uhuru na Kazi.